Ziplaini ya ndani: bethdei ya watoto sita, niulize nini kabla sijalipa?

MamaZawadi_Buru

Hamjambo wazazi wenzangu. Naombeni mawazo kabla sijabonyeza M-Pesa.

Zawadi wangu anatimiza miaka 8 likizo hii ya Agosti. Miaka yote tunakata keki nyumbani hapa Buruburu, safari hii amekataa katakata. Anataka ile sehemu ya michezo ya ndani iliyofunguliwa upande wa Mombasa Road, godauni moja kubwa limepakwa rangi ya chungwa na kijani hadi macho yanauma. Rafiki yake wa darasani alifanyiwa huko, na tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Wimbo ni ziplaini asubuhi, ziplaini jioni.

Juzi nikitoka kazini nilipita kuangalia. Ziko mbili. Moja ni ya wadogo: mtoto anashika kijiti kwa mikono, anateleza mita chache, anajiachilia kwenye shimo lililojaa vipande vya sponji. Ya pili ndiyo inayonitia tumbo joto. Inaanzia kwenye jukwaa lililo juu kabisa karibu na mabati, mtoto anavalishwa mikanda na helmeti, anavuka ukumbi mzima juu ya vichwa vya wenzake wanaoruka kwenye trampolini, anaishia kwenye ukuta wa upande wa pili ambako kuna kijana wa kumpokea. Nilisimama chini nikitazama soli za viatu vya watoto wa wenyewe zikipita juu, nikajikuta nimeshika kifua.

Nitakuwa na watoto sita. Zawadi mwenyewe. Jabali, mdogo wake, miaka 4, kilo 16, hakubali kuachwa nyuma kwa lolote. Mapacha wa dadangu, miaka 10, mmoja amesukwa nywele ndefu za shanga. Hafsa, rafiki wa Zawadi kutoka Eastleigh, anavaa hijabu na mamake ameniuliza kama itakuwa shida. Na Kevo wa shemeji yangu, ana miaka 12 lakini mwili ni wa kidato cha nne.

Bei ni 1,200 kwa kila mtoto na wanataka nusu kabla ya siku yenyewe. Kuna karatasi ya kutia sahihi inayosema tunacheza kwa hatari yetu wenyewe. Baba Zawadi anasema natafuta maneno. Mama mkwe naye amesema mjukuu wake hatundikwi kama nyama buchani, mjadala umefungwa.

Mimi si fundi. Nikirudi pale niangalie nini, niulize nini, na nani kati ya hawa sita nimzuie? Wenye uzoefu mnisaidie, na tafadhali msinitumie video za ajali, usingizi wenyewe ni wa kubahatisha.

---

MseeWaUmoja

Mathe, tulia. Sisi tulikuwa tunashuka ile miteremko ya kwetu kwa katoni la mafuta, tunatua mtaroni, tunaamka, tunarudi juu. Leo mtoto anafungwa mikanda mitano na helmeti na bado mzazi hapati usingizi. Wape hela waende, wewe kaa kwenye mkahawa unywe chai. Hao vijana wa pale wanajua kazi yao.

---

FundiWaKamba

Mama Zawadi, nimekusoma vizuri. Riziki yangu mimi iko kwenye kamba. Yale maghorofa ya vioo Upper Hill, kuna watu huteremka kutoka paani na ndoo ya sabuni ikining'inia kiunoni. Mimi ni mmoja wao. Kabla ya hapo nilifanya kazi kwenye ziplaini ya nje, ya kuvuka bonde, nikiwa upande wa kupokea wageni. Kwa hivyo sitakuambia usiende. Wangu nimewapeleka, na wameomba kurudi.

Ila nikifika mahali kama hapo sitazami urefu. Kila mzazi hutazama urefu kwa sababu ndio unaotisha. Mimi natazama mwisho wa waya.

Nikueleze kwa nini. Mtoto aliyefungwa sawasawa yuko salama mita 3 juu kama alivyo salama mita 30. Kasheshe huja anapotakiwa kusimama. Chukua ziplaini ambayo mwanzo wake uko juu kuliko mwisho wake kwa mita 2 tu. Ukisahau msuguano wa roda, yaani kile kigurudumu kinachobingirika juu ya waya, mtoto anafika na mwendo wa karibu kilomita 22 kwa saa. Msuguano utaupunguza, sawa, lakini hata nusu ya huo ukimkutanisha na ukuta, meno yanabaki pale. Huko msituni mtu ana nafasi: waya unaachwa mrefu, mwisho wake unainuliwa kidogo, mwendo unakufa wenyewe. Ndani ya godauni nafasi hiyo haipo. Ukuta ni huo hapo.

Basi muulize meneja: mtoto anasimamishwa na nini? Ukiambiwa springi ndefu iliyovishwa kwenye waya, au kamba ya mpira, au breki ya sumaku, hapo mnaongea lugha moja. Kisha uliza la pili, ambalo watu wengi hawaulizi: hiyo ikikataa, kuna nini nyuma yake? Panatakiwa breki nyingine inayofanya kazi yenyewe bila mtu kuvuta wala kukumbuka chochote. "Kijana anamdaka" si breki. Godoro lililofungwa ukutani si breki, ni godoro.

Usichukue maneno yao tu. Simama upande huo wa mwisho utazame watoto wakifika, mnene na mwembamba. Wakisukumwa nyuma taratibu wakatulia, ni sawa. Ukiona miguu inarushwa juu kila anayefika hadi uso unakaribia waya, au yule kijana anapiga hatua nyuma kwa kishindo, mwendo ni mkubwa kuliko breki.

Halafu katikati. Waya hauwi mnyoofu, hufanya tumbo. Mtoto mwepesi anaweza kukosa nguvu ya kumaliza, akarudi nyuma, akabaki amening'inia pale kati. Peke yake si ajali, lakini asiachwe. Mtu akining'inia kwenye mikanda bila kusogeza miguu, damu hubaki chini na kizunguzungu huanza. Sisi kazini hakuna anayevuka ukingo wa paa kabla hatujakubaliana nani atamtoa nani na kwa kamba ipi. Waulize: akikwama mnamtoaje? Wakuonyeshe kamba ya kumvuta au ngazi yenyewe, kwa macho. Jibu la "huwa hawakwami" liache hapo hapo. Na watoto uwafundishe nyumbani: ukikwama, piga miguu kama unayeendesha baiskeli, na usiguse waya hata kidogo. Pale roda inapokutana na waya ndipo vidole hukatikia.

Sasa mkono wa anayefunga. Hapa ndipo ningekaa hata nusu saa. Tazama jinsi anavyomfunga mtoto wa mwenzako. Yule anayejua kazi hufunga karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, kisha anaibana mlango kwa kidole gumba aone kama kufuli limeshika, kisha anavuta kwa nguvu kuelekea chini, kisha anaangalia mkanda wa kiuno, wa mapaja, wa kifua, kila mara kwa mpangilio ule ule, hata kama mtoto aliyepita ni pacha wa huyu. Haongei na mtu akifanya hivyo. Nina mzee mmoja kazini, tukimsemesha akiwa anafunga hafungui mdomo. Akimaliza ndipo anajibu swali ulilouliza dakika mbili zilizopita. Ukikuta kijana wa jukwaani ana simu mkononi, au anafunga huku amegeuka kucheka na mwenzake, ondoka tu. Usibishane naye.

Karabina yenyewe imechorwa namba ubavuni. Nyingi hubeba kilonewtoni 22 hivi kwa urefu wake, yaani uzito wa zaidi ya tani mbili. Lakini mlango ukibaki wazi uwezo huo hushuka hadi 7 hivi. Chuma ni kile kile, tofauti ni kama mlango umefungwa. Ndiyo maana mimi nataka ile inayojifunga yenyewe, si ya kuzungushwa skrubu na mtu aliyechoka saa kumi na moja jioni. Na ziwe mbili: moja ya kubeba, nyingine ya akiba, yenye mshipi wake tofauti.

Mikanda ya Jabali na ya Kevo si ya aina moja. Mtoto mdogo hana nyonga. Ukimvalisha ile ya kiuno na mapaja peke yake, akipinduka kichwa chini anaweza kuchomoka. Kwake ni ile ya mwili mzima yenye mabega. Kwa wakubwa, mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, ukazwe hadi kiganja kilicholala kipite lakini ngumi isipite. Kuna kitambulisho kidogo cha kitambaa kimeshonwa ndani, kina mwaka wa kutengenezwa. Watengenezaji wengi husema baada ya miaka 10 mikanda itupwe hata kama inang'aa. Na ikiwa inanuka Jik, waambie waache. Klorini hula nyuzi za nailoni polepole na kwa macho huoni kitu.

Lingine ambalo hakuna mzazi hufikiria: huo waya umefungwa wapi? Umesema mwanzo uko karibu na mabati. Waya uliokazwa huvuta kuliko uzito unaobeba. Mtoto wa kilo 40 akiwa katikati ya waya wa mita 30 ulioshuka mita 1 tu, kila upande unavutwa kwa nguvu sawa na kilo 300 hivi, na hapo sijahesabu mtikisiko. Godauni lililojengwa kuhifadhi unga halikupigiwa hesabu hiyo. Nguzo za ziplaini ziwe zake, zimetoka sakafuni, au kuwe na barua ya mhandisi kuhusu lile paa. Ukiona umefungwa kwenye kenchi za kubeba mabati, mimi naaga.

MseeWaUmoja, ndugu yangu, katoni lilikuwa chini. Ukianguka unaanguka urefu wako.

---

MseeWaUmoja

Fundi umenimaliza na hiyo ya mwisho. Nakubali. Lakini swali: hiyo ya wadogo ya kushika kijiti haina mikanda kabisa, na hakuna anayeisema. Hiyo iko sawa?

---

FundiWaKamba

Umeuliza la maana, na kwa kweli hiyo ndogo ndiyo ningeikazia macho zaidi, kwa vile watu wazima wakiiona tu wanageuka kuangalia simu.

Pale kinachomshikilia mtoto ni vidole vyake. Vikichoka au vikitoka jasho, anashuka hapo alipo. Kwa hiyo sponji, au mkeka mnene, ziwe chini ya waya wote tangu anapotoka, si pale mwisho peke yake. Ingiza mkono kwenye zile sponji uone kina; zikikanyagwa mwaka mzima hulala, na chini yake ni zege. Halafu shimo liwe tupu kabla mwingine hajaachiliwa. Kinachoumiza hapo si waya, ni goti la mmoja kwenye pua ya mwingine aliyekuwa bado anaogelea ndani akitafuta soksi. Na wasijitupe kwa kichwa. Miguu au makalio, basi. Shingo ya mtoto si ya kujaribia.

---

MamaZawadi_Buru

Fundi, Mungu akubariki. Nimesoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti Baba Zawadi asikie.

Leo mchana nilirudi pale na maswali yako nimeyaandika nyuma ya risiti ya Naivas. Meneja ni dada mmoja mpole, hakunikasirikia. Nguzo ni za chuma, zimetoka sakafuni, zimefungwa kwa bolti zenye unene wa kidole gumba changu. Mwisho wa waya kuna springi ndefu, na mbele yake kuna kitu cheusi kimeshika waya kimefungwa kamba ya mpira. Akaniambia hicho ndicho kinachopunguza mwendo kwanza, springi ni ya akiba. Nilisimama hapo hadi mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotezana na mtoto. Watoto walifika taratibu, isipokuwa kijana mmoja mkubwa aliyeifikia springi, ikabana, ikamrudisha.

Jukwaani palikuwa na binti wa kufunga na mwenzake wa kuwapanga watoto nyuma ya kigeti. Yule binti alivuta kila karabina kweli. Lakini nikaona jambo lililonikera: mtoto akishafika upande wa pili anavuliwa karabina, halafu anakimbia na mikanda na helmeti yake kwenye trampolini na zile ngazi za nyavu. Meneja alisema inaokoa muda foleni ikiwa ndefu.

Uzito wanaotaka ni kuanzia kilo 20 hadi 100, wanapima kwenye mizani mlangoni. Kwa hivyo Jabali ametoka. Lakini akaniambia wengine huwa wanapita wamepakatwa na mzazi. Nikiri nilishawishika, maana kilio cha Jabali nakijua.

Na hijabu, na zile shanga?

---

FundiWaKamba

Naanza na Jabali. Usimpakate. Mikanda yako imepimwa kwa mtu mmoja, na yeye amebebwa na mikono yako. Mkigonga springi, wewe unasimama, yeye anaendelea. Kupita wawili kunawezekana tu pale kifaa kimetengenezwa kwa ajili ya wawili, kila mmoja na mikanda yake na karabina yake. Hapo wamekuambia "wamepakatwa", maana yake hakipo. Na hiyo kilo 20 si ubaguzi. Ni kwamba chini ya hapo atakwama kwenye tumbo la waya, na mikanda yao haimkai. Wasipoilinda hiyo kanuni yao wenyewe, jiulize ipi nyingine hawailindi. Mwambie meneja hivyo hivyo, kwa upole wako huo.

Helmeti na mikanda: umeona vizuri kuliko wengi. Ikishuka ziplaini, inavuliwa pale pale. Kwenye nyavu na matundu ya ngazi, mwili wa mtoto hupenya na helmeti hunasa, anabaki amening'inia kwa kidevu. Mkanda wenye vitanzi nao hushika kila kinachotokeza. Hilo halina mjadala, hata foleni ifike barabarani. Kama wao hawafanyi, wewe simama upande wa kushukia uwavue mwenyewe.

Hijabu si shida. Ile ya michezo, ya kuvaa kwa kichwa, isiyo na pini, ncha zake ziingizwe ndani ya blauzi, helmeti juu yake ikazwe upya. Pini tu ndiyo sitaki, na mtandio mrefu wa kuning'inia mabegani, kwa sababu roda iko sentimita chache kutoka usoni. Kwa hilo hilo shanga zifungwe nyuma kwa mpira, ziingizwe ndani ya fulana kabla ya mikanda, na helmeti ijaribiwe. Fundo kubwa la nywele huiinua ikakaa kisogoni. Ikitikisika ukimwambia "sema hapana", haijakaa. Kamba za jaketi za kofia zote zitolewe. Viatu vya kufunga, si kandambili.

Kevo mpimeni kweli, asitaje kilo za kujikisia. Mzito hufika na mwendo zaidi, huyo kijana uliyemwona akiigonga springi ndiye Kevo wako. Akiwa chini ya 100 apite, lakini asikimbie wala kuruka kutoka jukwaani. Aketi kwenye mikanda, akunje magoti, aachilie.

---

SistaWaDharura

Naingilia kidogo. Nafanya kazi kitengo cha dharura, hospitali ya hapa Nairobi. Fundi amesema kweli kuhusu kuanguka. Marekani kuna utafiti uliochapishwa 2015: kati ya 1997 na 2012 walikadiria watu karibu 16,850 walitibiwa vitengo vya dharura kwa majeraha ya ziplaini. Asilimia 77 walikuwa wameanguka, karibu nusu walivunjika mfupa, na asilimia 45 ya wote walikuwa watoto chini ya miaka 10. Humo zimo hata zile za kujifungia uani nyumbani, kwa hiyo usiogope, lakini unaona mwelekeo: ni wadogo, ni kuanguka, ni mikono.

Mtoto akianguka akalalamika shingo au mgongo, au miguu imekufa ganzi, usimwinue. Hata kama anakunyooshea mikono. Kaa naye chini hapo hapo, kichwa kisigeuzwe, mwite mhudumu. Mkono ukipinda, usiunyooshe; ufunge kwa leso ulivyo na uangalie vidole. Vikiwa vya baridi, vyeupe au havisikii mguso, hiyo ni haraka. Na kitu kimoja ambacho kila wikendi tunapigana nacho na wazazi: usimpe soda wala keki njiani eti atulie. Akihitaji kupigwa usingizi ili mfupa urudishwe, tumbo lenye chakula linatuchelewesha.

Aliyegonga kichwa, akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kawaida au akiongea visivyoeleweka, aletwe hata kama ni usiku. Uliza pia pale kwao nani anajua huduma ya kwanza na sanduku liko wapi. Niliwahi kuuliza mahali fulani nikaletewa plasta na chupa ya spiriti iliyoisha.

Hao si wako wote, kwa hiyo kuwa na namba za wazazi, majina ya dawa wanazotumia, na hakikisha wamesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, chini ya wazazi wao. Siku ya kutafuta namba ya kitambulisho cha shemeji si siku hiyo.

---

KaraniWaSheria

Kuhusu karatasi. Soma kabla ya kutia sahihi, chukua picha yake. Kuna sheria ya Kenya, Sura ya 34, inayohusu wajibu wa mwenye jengo kwa wanaoingia. Inamtaka awalinde wageni wake kwa kiwango cha busara, na inasema wazi kwamba ategemee watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Kifungu cha 46 cha Katiba nacho kinampa mteja haki ya kupewa taarifa anazohitaji na ya kulindwa afya na usalama wake. Karatasi inayosema "kwa hatari yako" haimfanyi mwenye jengo kuwa mtazamaji. Lakini ukiambiwa kanuni ukaivunja, kwa mfano ukampitisha wa kilo 16, hapo umemsaidia wakili wao.

Na watoto wa wenzako usiwatilie sahihi wewe. Watumie wazazi wenyewe wajaze.

---

MamaZawadi_Buru

Asanteni nyote, kwa kweli. Nimempigia yule meneja jioni hii. Amekubali mikanda na helmeti zivuliwe upande wa kushukia kwa kundi letu, na atuweke asubuhi saa tatu wakifungua, kabla umati haujaja. Kuhusu kupakata alinyamaza kidogo halafu akasema atazungumza na vijana wake. Tutaona.

Mama Hafsa ameshapata hijabu ya michezo. Dadangu amesema shanga zinatoka kabisa, ilikuwa zamu ya kusuka upya. Shemeji amenipa namba zote isipokuwa kilo za Kevo, eti Kevo ameona haya. Atapanda mizani akiwa wa mwisho, wenzake wakiwa wameshaingia.

Jabali nimemwambia atakuwa kwenye sponji na mimi nikiwa pembeni. Amekubali kwa sharti kwamba Zawadi naye akae kwenye sponji. Mazungumzo bado yanaendelea.

Swali la mwisho kwa Fundi, na ni la kweli: Zawadi akifika juu pale jukwaani akaogopa, akalia, nifanye nini? Maana namfahamu, mdomo wake ni mkubwa kuliko moyo.

---

FundiWaKamba

Anashuka kwa ngazi aliyopandia. Mwambie hilo mapema, mkiwa bado nyumbani, na umwambie pia yule binti wa jukwaani kwamba asisukumwe wala asihesabiwe "moja, mbili, tatu" akaachiliwa kwenye mbili. Nimeona wageni wakubwa, wanaume wa suti, wakigeuka kwa mguu wao na kushuka, nikawapa mkono. Mtoto aliyesukumwa hushika anachokiona karibu, na kilicho karibu pale juu ni waya.

Akitaka kurudi baada ya nusu saa, arudi mwisho wa foleni. Mara nyingi hurudi. Na wewe usisimame chini ya waya kupiga picha, vitu huanguka. Kaa upande wa kushukia, ndiko utamwona uso.

Mama mkwe mpeleke pia, mwonyeshe zile bolti.